Hakuna Matata Chini ya Ngazi

Kabla sijaondoka Bujumbura kwenda Paris, kila mtu alikuwa na nasaha yake. Mjomba, ambaye hajawahi kupanda ndege, aliniambia nisitembee usiku. Jirani yetu fundi magari alinishauri nishone mfuko ndani ya nguo, kama wafanyavyo wafanyabiashara wanaokwenda Dubai. Mama alisema jambo moja tu: "Mwanangu, usiongee na watu usiowajua." Nilicheka. Mama anauza vitenge Buyenzi, na kutwa nzima kazi yake ni kuongea na watu asiowajua. Hawezi kumwona mtu anapita mlangoni asimjulie hali, na sisi watoto wake tuligombezwa mara nyingi kwa kosa la kumpita mtu kimya. "Umemuona mtu mzima hukumwamkia, umekuwa mbuzi?" Ndivyo tulivyolelewa.

Kwa msomaji asiyeijua Buyenzi, huo ni mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili chake hakikuletwa na shule. Ni lugha ya dukani, ya msikitini na ya gereji. Nilipoingia chuo kikuu na kuchagua idara ya Kiswahili, watu wa nyumbani walishangaa kwamba kuna mtu anayelipa karo ili akafundishwe maneno ya barazani. Lakini ni lugha hiyo iliyonipandisha ndege. Septemba 2025 sisi wanafunzi watatu, mimi na wavulana wawili, pamoja na Mwalimu wetu, tulialikwa kwa wiki mbili katika chuo kimoja cha lugha, wilaya ya 13 ya Paris, tukae na wanafunzi wa huko wanaojifunza Kiswahili.

Nitasema mapema kwamba katika safari hiyo niliibiwa. Sikupigwa wala kutishiwa kisu, na halikuwa giza. Niliibiwa saa tano asubuhi, jua likiwaka, mbele ya kanisa na mbele ya mamia ya watu, na kilichonipeleka pale penye mtego ni adabu niliyofundishwa na mama.

Siku za kwanza tulikuwa makini mno. Mwalimu alikuwa amewahi kuishi Paris zamani, na alitupokea maagizo yake tungali kwenye ndege. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, kabla hatujafika hata mlango wa kutokea, bwana mmoja aliyevaa suti nzuri alitufuata akinong'ona, "Teksi? Teksi?" Alitaka yuro 120. Mwalimu hakusimama. Baadaye alitueleza kwamba teksi halali ina taa juu ya paa, inasubiri kwenye foleni yake nje, na bei ya kutoka uwanja huo hadi ndani ya jiji imewekwa na serikali, wakati ule yuro 56 ukienda upande wa kulia wa mto Seine, yuro 65 ukienda upande wa kushoto. Dereva halali hawezi kuongeza kwa sababu una mabegi au kwa sababu kuna msongamano, wala haji kukutafuta ndani. Sisi hata hivyo tulipanda treni ya RER B, yuro 13 kila mmoja, tukashuka Denfert-Rochereau, tukachukua metro namba 6 hadi Place d'Italie, karibu na hosteli yetu.

Hosteli ilikuwa na makabati ya chuma yenye funguo. Pasipoti zote nne zilifungiwa humo usiku ule ule, nasi tukabaki na nakala mifukoni. Nililalamika kidogo. Nilitaka kutembea na pasipoti yangu, maana ilikuwa mpya, na viza yake niliisubiri kwa wiki nyingi. Mwalimu akanijibu, "Ndiyo sababu hutatembea nayo." Namshukuru hadi leo.

Maagizo mengine yalikuwa haya: mkoba uwe tumboni si mgongoni, ndani ya metro usisimame karibu na mlango huku umeshika simu, kwa sababu mwizi huinyakua mlango unapoanza kufunga, akabaki nje wewe ukaenda nayo safari bila simu, usitie sahihi karatasi yoyote barabarani, usipokee kitu. Tuliyaandika kama imla.

Na kweli, tuliyaona moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma kitabu ambacho tayari amesimuliwa. Karibu na Louvre walitujia wasichana wawili wenye karatasi juu ya ubao, wakionyesha kwa ishara kwamba ni viziwi na kwamba tunaombwa sahihi kuwasaidia viziwi wenzao. Ukitia sahihi unaonyeshwa safu ya pili, ya kiasi utakachotoa. Wakati wewe unasoma, ule ubao umeufunika mkoba wako, na chini ya ubao kuna mkono. Mwenzangu mmoja, mcheshi asiyejizuia, aliita kwa nguvu nyuma yao, "Mademoiselle, umeangusha pesa!" na wote wawili wakageuka.

Kando ya Seine, mwenzangu mwingine, anayetoka Gitega, alikutana na pete. Mzee mmoja aliinama mbele yake, akaokota pete nene ya rangi ya dhahabu, akamuuliza kama ni yake. Alipokana, mzee akaijaribu vidoleni mwake, haikuingia, akasikitika, akamkabidhi: chukua wewe, ni bahati yako. Hatua tatu baadaye akarudi kuomba chochote cha kununulia chakula, kwa kuwa amekuachia dhahabu. Pete ni shaba tupu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeidondosha. Mwenzetu alitoa yuro 2. Tulimcheka siku nne. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na jina "Bwana Harusi" alilobaki nalo hadi tunarudi nyumbani nililitunga mimi.

Kufikia Jumamosi nilijiona mjuzi. Hilo ndilo jambo ninalotaka mwenzangu msomaji alione, hasa wewe utakayepata safari kama ile. Utapeli unaoujua kwa sura hauna nguvu juu yako. Hatari ni ule unaokuja na sura ya kitu unachokipenda.

Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wetu. Nauli ya jiji tulilipa kwa kadi ya Navigo ya wiki, yuro 31.60 kwa mtu, ambayo inakupeleka popote katika mkoa wote. Ila wiki yake inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, hata ukiinunua Jumatano, na ya wiki ifuatayo inaanza kuuzwa Ijumaa. Kwa watatu ni yuro 94.80. Mwalimu alikuwa na ya kwake. Ijumaa nilikuta foleni kwenye mashine, nikaahirisha. Jumamosi nikasahau. Hivyo Jumapili nilitoka hosteli nikiwa na noti tano za yuro 20 ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mkoba, nikikusudia kununua jioni.

Anayeishi Burundi ataelewa noti hizo zilikuwa nini. Fedha za kigeni kwetu ni adimu kama petroli. Nusu ya zile yuro 100 ilitoka chuoni, na nusu ilitoka kwa wazazi wetu. Mama yangu alizitafuta kwa wiki mbili, noti moja hapa, moja pale, kwa wateja wake wenye ndugu Ulaya, na bei aliyozinunulia hakuniambia.

Tulikwenda Montmartre wanafunzi watatu peke yetu. Mwalimu alibaki akisahihisha kazi. Metro namba 5 hadi Stalingrad, kisha namba 2 hadi Anvers. Tuliposhuka, sauti ya kipaza ilitangaza kwa lugha tatu au nne kwamba kituoni kuna wezi wa mifukoni, abiria wawe waangalifu na mali zao. Nami, mwangalifu, nikaupapasa mkoba wangu pale palipokuwa na bahasha. Naona sasa kwamba abiria wengine walifanya vivyo hivyo, kila mmoja akijigusa alipoficha. Ukiwa mwizi, huhitaji kutafuta. Unasimama tu ukingoni unasubiri tangazo.

Kutoka Anvers unapanda mtaa mwembamba uitwao rue de Steinkerque, uliojaa maduka ya vikumbusho. Katikati ya watu palikuwa na kisanduku cha karatasi, na juu yake vikombe vitatu na kijipira kimoja. Huo ni mchezo wa pata potea, hata mtoto wa sokoni kwetu anaujua. Mama mmoja alishinda yuro 50 mbele ya macho yetu akarukaruka kwa furaha. Dakika mbili baadaye tulimwona mama huyo huyo akishinda tena. Tukacheka, tukapita. Mwanzoni mwa mtaa kijana mmoja alipiga mluzi, na kisanduku, vikombe na mshindi vikatoweka kabla polisi wawili hawajafika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Mtaa ule unakutoa kwenye bustani ya mteremko, na juu kabisa kanisa jeupe la Sacré-Cœur. Chini ya ngazi walisimama vijana Waafrika, kama kumi hivi, wenye nyuzi za rangi mikononi. Mwalimu alikuwa amewataja, lakini alisema "wauza bangili", nami akilini nilikuwa nimechora watu wa namna nyingine kabisa. Kijana mmoja, amevaa kofia ya kijani, alinitazama, akatabasamu kwa meno yote, akasema:

"Hakuna matata!"

Nilisimama.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajakaa siku saba mbali na kwao. Wiki nzima nilikuwa nimeongea Kifaransa. Darasani tuliongea Kiswahili, ndiyo, lakini Kiswahili cha wanafunzi wanaotafuta ngeli. Na hapa, chini ya kanisa la Ufaransa, mtu mweusi kama mimi ananiamkia kwa lugha ya nyumbani. Sikukumbuka kabisa kwamba maneno hayo mawili yamezunguka dunia bila wenyewe: kwanza kwa wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, uliotungiwa masikio ya watalii, na kisha kwa filamu ya Marekani ya mwaka 1994 yenye simba. Buyenzi hatusemi hivyo. Tunasema "hakuna shida" au "hakuna neno". Mwalimu wetu hukata alama ukiandika hakuna matata katika insha. Yote hayo ninayajua, na ningeweza kuyafanyia mtihani pale pale.

Badala yake nilimjibu, "Salama, kaka! Unatoka wapi?"

Hakuelewa. Akaingia Kifaransa: "Dada yangu, Afrika ni moja. Nipe mkono, nikusalimie." Naye akanyoosha mkono wake. Sasa niambie, wewe uliyelelewa kama nilivyolelewa: mtu amekuita dada, amekunyooshea mkono, utaufanyaje wako? Niliutoa. Hakuupokea kama mkono unavyopokelewa. Alikishika kidole changu cha shahada, akakitia kitanzi cha uzi, akaanza kusuka haraka haraka, uzi wa kijani, wa njano, mwekundu, huku akiongea bila kupumua. Familia yako haijambo? Umeolewa? Uzi huu ni wa bahati, ni zawadi, ni bure, kwa sababu wewe ni dada. Kidole kimefungwa. Ukitaka kuondoka unavuta, na ukivuta unakaza. Halafu ukatoka kidoleni ukahamia kifundoni, fundo likapigwa, na ncha zikakatwa kwa meno.

"Yuro 20."

Nilimkumbusha kwamba alisema ni zawadi. Akasema zawadi ni bahati, kazi ya mikono ni yuro 20. Alikuwa bado anatabasamu, lakini wenzake wawili walikuwa wamesogea, mmoja kulia, mmoja nyuma, nao wananiita dada. Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenitukana. Nilitafuta wenzangu kwa macho: walikuwa wamekwisha panda ngazi kadhaa wakipiga picha. Nilijaribu kuufungua uzi ili nimrudishie, haukufunguka. Aibu ndiyo iliyonishinda, si hofu. Niliona watu wanapita wakinitazama, Mwafrika anayegombana na Waafrika kwa sababu ya uzi, na nikataka jambo hilo liishe.

Nilifungua mkoba. Pochi yangu ilikuwa chini ya bahasha, hivyo niliitoa bahasha kwanza, nikaishika kwa mkono mmoja, nikatafuta pochi kwa mwingine, nikatoa noti yangu ya yuro 20, nikairudisha bahasha. Yote haya mbele ya watu watatu nisiowajua. Kijana alinishukuru, akagusa kifua chake, akasema tena "Hakuna matata", na wakanipisha.

Juu ya ngazi, Paris yote ikiwa imetandazwa mbele yetu, Bwana Harusi aliniuliza mbona zipu yangu iko wazi.

Siwezi kuapa kwamba ni wale vijana. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Palikuwa na watu wengi kwenye ngazi zile, na huenda aliyechukua bahasha alikuwa amenifuata tangu kituo cha Anvers niliposhika mkoba kwa kusikia tangazo. Ninachoweza kuapa ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha mwizi, awe nani, mahali ilipo na jinsi inavyofanana.

Tulikwenda kituo cha polisi. Ofisa aliyetupokea aliandika maelezo yetu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyaandika mengi kama hayo wiki hiyo, akaniuliza kama pasipoti ilikuwamo. Niliposema iko hosteli, kwa mara ya kwanza aliinua macho, akasema, "Vizuri." Bila karatasi hiyo ya polisi huwezi kudai bima wala kuanza safari ya kupata pasipoti mpya, kwa hiyo hata kama hutegemei kuziona pesa zako tena, nenda. Ikiwa kuna hatari yenyewe, namba ya polisi Ufaransa ni 17, na 112 inapokelewa nchi zote za Umoja wa Ulaya, hata ukipiga kwa simu isiyo na salio.

Kumwambia Mwalimu ndiko kulikuwa kugumu. Nilimkuta mezani na kalamu yake nyekundu. Nilieleza, uzi ukiwa bado mkononi, maana sikuwa nimepata mkasi. Hakunigombeza. Aliuliza, "Alikwambiaje?" Nikasema, "Hakuna matata." Akakaa kimya, kisha akacheka hadi akavua miwani, na mimi nikalia. Alipotulia alisema maneno ambayo nimeyarudia kwa wengi: "Salamu huitikiwa kwa mdomo. Mkono ni wako."

Alitaka kutulipia kadi za wiki ya pili. Wenzangu walikataa kabla yangu, na hilo nalo sitalisahau. Kutoka Place d'Italie hadi chuoni ni nusu saa kwa miguu, na wiki ile tuliitembea asubuhi na jioni. Safari tulizokuwa tumepanga, Versailles na nyinginezo, tuliziacha. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Siku ya mvua, Jumatano, tulifika darasani tumelowa chapachapa, na mwanafunzi mmoja wa Kifaransa akatuuliza kwa Kiswahili chake safi, "Kwa nini hamkupanda metro?" Bwana Harusi akamjibu, "Tunapenda mazoezi."

Alhamisi nilikwenda kula kwa mama mdogo, anayeishi Saint-Denis, kaskazini mwa jiji. Ameishi Ufaransa miaka zaidi ya ishirini, anafanya usafi wa ofisi, anaamka saa kumi ya usiku. Nilitarajia atawatukana wale vijana pamoja nami. Aliukata uzi kwa kisu cha jikoni, akautupa, akasema, "Wengi wao hawana karatasi. Mtu asiye na karatasi nani atampa kazi? Uzi anakopeshwa, jioni anadaiwa. Polisi wakija anakimbia." Nikamuuliza kama ningefanya vizuri basi kumpa. Akanikazia macho. "Nimesema ana shida. Sikusema umpe. Mimi pia nilikuwa na shida, nilisafisha vyoo."

Halafu akanisimulia yake, ambayo hakuwahi kumsimulia mama yangu, na ambayo naiandika kwa ruhusa yake. Mwaka wake wa kwanza alitafuta chumba. Aliyempata ni Mrundi mwenzake, anayeongea Kirundi kitamu, anayemwita dada, anayejua hata kanisa walilobatiziwa. Alimwonyesha picha za chumba, akamwambia wanaokitaka ni wengi, atume dhamana ya miezi mitatu leo hii kabla hajakiona. Mama mdogo akatuma. Kwenye anwani ile alikuta duka la viatu. Watoto wetu wanaokuja kusoma bado wanaliwa kwa njia hiyo hiyo, alisema, siku hizi kwa simu tu. Basi mwanafunzi unayejiandaa kwenda, lishike hili: usitume senti kwa ajili ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Sheria ya Ufaransa hairuhusu dhamana kuzidi kodi ya mwezi mmoja kwa nyumba tupu, au miezi miwili kwa nyumba yenye samani. Anayedai mitatu amekwisha jitambulisha. Anza na CROUS, taasisi ya umma inayosimamia vyumba vya wanafunzi, hata kama foleni yake ni ndefu.

Nilirudi kwa treni usiku huo nikifikiria neno dada. Mwizi wa mama mdogo alilitumia, kijana wa kofia ya kijani alilitumia, na mama mdogo naye ni dada ya mama yangu kweli. Sikupata jibu lolote. Niliushika mkoba wangu tumboni na sikuupapasa tangazo lilipokuja.

Jumamosi ya mwisho Mwalimu alisema haiwezekani arudi Bujumbura bila kupanda Montmartre, na kwamba mimi pia nitakwenda. Asubuhi tulipitia Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019. Kuingia ni bure, kwa hiyo anayekuuzia tiketi nje anakuuzia hewa. Nauli ya metro siku hiyo tulilipa tiketi moja moja, yuro 2.50.

Chini ya ngazi walikuwapo. Kofia ya kijani ilikuwapo. Niliingiza mikono yote miwili mifukoni mwa koti. Alinitazama usoni, akatabasamu kwa meno yote, na nikagundua kwamba hanikumbuki hata kidogo. Kwangu alikuwa ametwaa nafasi ya wiki nzima, na kwake nilikuwa mmoja wa watu mia wa Jumapili ile.

"Hakuna matata, dada yangu!"

Moyo ulinipiga. Sikusimama, lakini sikuweza kupita kimya pia. Mama angejua, hata kutoka Buyenzi. "Hujambo, ndugu yangu," nikasema huku natembea. "Habari za tangu asubuhi? Kazi inaendaje?"

Alibaki na uzi wake hewani. Kisha akacheka, kicheko cha kweli safari hii, akanijibu kwa lugha yake, sentensi ndefu ambayo sikuelewa neno lake hata moja. Nilitikisa kichwa. Naye akatikisa chake. Tayari nyuma yetu walikuwa wanakuja bibi na bwana, wazee wenye kamera, naye akawageukia.

Katikati ya ngazi Mwalimu aliniuliza, "Ndiye?"

"Ndiye."

Aligeuka akatazama chini kwa muda. Yule bibi alikuwa amekwisha toa kidole.